Karatasi ya Jehu Hinshaw

Verlin Hinshaw alichimba visima vya watu huko Indiana kwa miaka arobaini na mitatu. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na sita, na vitabu alivisoma mwenyewe, rafu baada ya rafu, mpaka mkutubi akachoka kugonga mihuri. Zamani hakukosa mtu wa kubishana naye. Asubuhi ulikwenda tu kwenye ghala la mahindi, ukakuta wanaume wanane na birika moja la kahawa. Ghala likanunuliwa na watu wasiojulikana, wanaume wakazikwa mmoja mmoja. Akabaki na simu aliyonunuliwa na binti yake, na ndani ya simu, kundi la watu waliokuwa bado wanapigana kwa maneno vita vya kaskazini na kusini, vile vya Marekani vya karne ya kumi na tisa.

Humo ndimo alimompata Doyle Crabtree wa Tennessee. Doyle alishikilia kwamba vita vililetwa na ushuru na haki za majimbo. Verlin akamwekea maneno ambayo watu wa kusini wenyewe waliandika walipojitenga, yakitaja utumwa bila kuficha. Alikuwa sahihi, na angeweza kuishia hapo, lakini kuwa sahihi hakukumtosha.

"Sisi akina Hinshaw ni Marafiki, Wakweka," akaandika. "Jehu, babu wa babu yangu, alificha watumwa watoro chini ya magunia kwenye gari lake la farasi. Wako alikuwa wapi?"

"Haya, mtakatifu wa Indiana," Doyle akajibu. "Huko kwenu kila mtu babu yake alificha watoro. Sijui wenye nyumba walikuwa wanalala wapi. Leta karatasi."

Kundi zima likacheka. Marafiki hawali kiapo, kwa hiyo Verlin alisema tu kwamba ataileta kabla ya Jumapili, na asipoileta hatafungua mdomo tena humo. Akaiweka simu mezani. Kufunga mdomo humo maana yake ni kubaki na redio.

Karatasi, kama ipo, ilikuwa kwa binamu yake Arlene Mendenhall, karani wa nyumba ya ibada ya Marafiki, aliyetunza vitabu vya vikao vya tangu enzi za wazee wao. Verlin hakuwa amekanyaga nyumba ile kwa miaka tisa, tangu waliponunua skrini ya kuonyeshea nyimbo ili vijana wasiondoke. Vijana waliondoka. Skrini ingali imening'inia ukutani.

"Nilidhani umekufa," Arlene alisema mlangoni. "Futa viatu."

Alimwekea kitabu kwenye meza ya jikoni, akamkatia pai ya tufaha. Verlin akasoma kwa miwani ya kukuzia. Mwaka 1843 wazee waliwaonya watu wasijiunge na kelele za wapinga utumwa. Jehu Hinshaw akatoka na wenzake wachache, wakajenga nyumba yao ya ibada ng'ambo ya barabara.

"Unaona?" Verlin alisema. "Alitoka."

"Endelea kufunua."

Alifunua mpaka 1848. Pale palikuwa na hati ya kukiri kosa, kama zile walizokuwa wakisomewa waumini wote huku mkosaji amesimama. *Ndugu wapendwa, nilijitenga nanyi kwa haraka. Nakiri kosa hilo, na naomba kuketi tena pamoja nanyi.* Hapakuwa na gari, wala magunia, wala mtoro.

"Aliomba radhi kwa kupinga utumwa," Verlin alisema.

"Kwa kuondoka."

"Ni yale yale."

"Labda. Lakini mama yake na ndugu zake walikuwa upande huu wa barabara. Miaka mitano, Verlin. Kunywa kahawa."

"Na lile gari la farasi?"

"La gari alituambia mjomba Ansel. Mjomba Ansel huyo huyo alituambia kwamba amepigwa na radi mara mbili."

Kabla ya kuondoka Verlin alipiga picha ukurasa wa 1843, huo peke yake. Arlene alimwona, akanyamaza. Marafiki wa zamani walijua kunyamaza kwa namna inayouma.

Picha ile ingetosha. Doyle asingejua kamwe. Verlin alikaa nayo Alhamisi nzima, na Ijumaa adhuhuri akaituma. Chini yake akaandika yale ya 1848, neno kwa neno, maana yalikuwa yamekwama kichwani. Akaongeza: "Vita vililetwa na utumwa, na hapo sirudi nyuma. Lakini la watoro nililisema bila kulijua. Nilitaka ushujaa usio wangu."

Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Doyle hakuweka hata kimoja. Jioni alimwandikia Verlin pembeni, wasikoona wengine.

"Mimi karatasi ninayo. Babu wa babu yangu aliuza watumwa wawili, mama na bintiye, akanunua shamba hili ninaloishi. Sijawahi kumwonyesha mtu."

Verlin aliandika jibu, akalifuta, akaandika jingine, akalifuta. Kule ghalani, mtu akisema neno kama hilo, wengine wangetazama vikombe vyao, mmoja angemwongezea kahawa, na yeye angejua hayuko peke yake. Simu haikuwa na mahali pa kunyamaza na mwenzako.

"Nimekusikia, Doyle," akaandika mwishowe. Yalikuwa maneno machache mno.

Jumapili alivaa koti lake la mazishi. Nyumba iliyojengwa kwa watu mia mbili ilikuwa na watu wanne, wamekaa mbalimbali kama meno ya mzee. Hakuna aliyeimba, mchungaji hawakuweza tena kumlipa, na kimya cha zamani, cha Marafiki kuabudu bila mahubiri, kilikuwa kimerudi chenyewe, baada ya wale waliokipenda kwisha. Verlin alisimama, akatoa mfukoni karatasi aliyokuwa ameandika maneno ya Jehu.

"Ndugu wapendwa," alisoma. "Nilijitenga nanyi kwa haraka."

Akasoma mpaka mwisho. Arlene, bila kugeuka, aliondoa mkoba wake kwenye benchi kando yake, pakawa na nafasi.