Taa Ndogo ya Mama Asende

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa nimeacha kutengeneza mashine za mitumbwi kule Kazimia, Mkuu wa Kituo cha umeme alinipa ngazi, koleo na daftari la wateja, akanituma kuhesabu taa katika nyumba za mji wa Baraka na kukata zilizozidi. Ninyi mnaojifunza ufundi leo mmezikuta mita. Sisi tulikuwa na sheria ya kipuuzi: mteja alilipia idadi ya taa, si umeme aliotumia. Basi mwenye mkataba wa taa moja alinunua kubwa kuliko zote sokoni, akatoboa ukuta juu na kuitundika tunduni, imulike vyumba viwili. Taa hizo, za waya unaowaka ndani, zilikula wati mia moja. Wati ni kipimo cha ulaji wa umeme, na sehemu kubwa ya ulaji ule iliishia kuwa joto la bure.

Kwa Mama Asende, mjane aliyeuza samaki wa baridi, nilikuta taa mbili: ile kubwa tunduni, na ndogo ya LED, wati tano tu, juu ya meza ya kupasulia samaki.

“Papa, kama ni kukata, kata ile kubwa,” aliniambia. “Hii kidogo haikule kitu.”

Nilirudi kumwuliza Mkuu. Hakuinua hata kichwa.

“Contrat yake inasema ampoule ngapi?”

“Taa moja, Chef. Lakini hii kidogo…”

“Kata yenye iliongezwa. We uko fundi, hauko directeur.”

Nikaikata, nikaitupa ndani ya sanduku langu la vyombo. Naona haya mpaka leo.

Mtambo wa umeme wa mji ulielemewa kila jioni, na jioni moja ukazimika kabisa. Mkuu alisema wa kulaumiwa ni wanawake na frigo zao za samaki, akaniagiza nianze kukata ya Mama Asende. Nilikwenda na kipimo badala ya koleo. Nilifunga mlango wa frigo juu ya kipande cha karatasi, nikakivuta, kikatoka bila kushikwa. Maana yake mpira wa mlango umechoka, baridi inavuja na mota haipumziki. Niliuziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, tukaisogeza frigo mbali na jiko. Kesho yake mota ilikuwa inapumzika.

Kisha nikapima nyumba ya Mkuu mwenyewe. Saa sita mchana, jua likiwaka, taa sita za nje zilikuwa zinawaka pia, na jiko la umeme lilikuwa linachemsha maharagwe. Nyumba hiyo moja ilikula kuliko mtaa wote wa Mama Asende. Nilimwekea karatasi ya vipimo mezani.

“Unakuja kupima kwa chef wako?” akasema.

Wiki hiyo nilihamishiwa Lubondja, kufuta vumbi kwenye paneli za jua za zahanati. Fundi mwingine alitumwa kukata frigo. Mikeke ya Mama Asende, samaki wa ziwani, ikaoza yote, akarudi kuuza dagaa wakavu sokoni. Hakuna aliyemwomba radhi, hata mimi.

Mita zililetwa miaka mingi baadaye na mkurugenzi mwingine. Watu wakatupa taa kubwa wenyewe, bila kuhubiriwa. Lakini siku ya kuniaga nilipostaafu, huko huko Baraka, Mkuu yule yule alisimama mbele ya wageni bila aibu: “Bamama ndio banapoteza courant, huu umeme. Tutabafundisha kuichunga.” Wakampigia makofi.

Mama Asende, niliyemwalika, alingoja Mkuu akae.

“Papa,” akaniambia mbele ya wote, “ile ampoule yangu kidogo, uliipeleka wapi?”

Sikungoja chakula. Nilichukua sanduku langu la vyombo, taa ikiwa bado humo, nikafuatana naye hadi kwake, nikaifuta ile taa kwa shati langu na kuifunga juu ya meza yake ya samaki, ambayo sasa ilikuwa tupu.

Ikawaka papo hapo. Miaka yote hiyo ilikuwa nzima.