Trekta Haizimwi Bondeni

Trekta yetu haizimwi bondeni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa na mama, siku niliyokalia kile kiti cha chuma nikiwa msichana ambaye mguu haukufika vizuri kwenye klachi. Starter yake ilikufa zamani, na fundi wa Thika alisema ataitafuta mpaka aipate, hakusema lini. Kwa hivyo inalala juu kabisa ya shamba, pua ikitazama chini, mawe mawili yakizuia magurudumu. Asubuhi unatoa mawe, inateremka yenyewe, unaachia klachi, inakohoa mara mbili kisha inanguruma. Ukiizima bondeni, umeizika.

Nimeishika sheria hiyo maisha yangu yote, na mwaka huu niliivunja mimi mwenyewe.

Shamba ni ekari moja na nusu hapa Mugutha, na mama alituachia mimi na ndugu yangu mdogo. Pande tatu zimezibwa na kuta za nyumba za kupangisha. Watu huanika nguo kule ghorofani huku wakinitazama nikipalilia, kana kwamba wamelipia sinema. Ndugu yangu anaishi Membley, ndani ya geti, na sijui mara ya mwisho kushika jembe ilikuwa lini. Nampenda. Lakini akianza habari za kukata shamba ploti tuuze, damu hunipanda kichwani.

Alikuja Jumamosi moja, mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya Thika. Nilikuwa nimelima mistari miwili tu. Mbwa wetu, mzee, kiziwi, alikuwa nyuma ya plau kama kawaida yake, akisubiri fuko atoke udongoni. Ndugu yangu alishuka mpaka bondeni akijishika suruali isiguse vumbi, akaanza kusema. Kwa kelele za injini sikumsikia vizuri. Na mimi, kwa kutaka kila neno langu limfikie zima, nikazima.

"Sista, tuongee ukweli," alisema. "Mwaka jana ulilima nusu. Hiyo ingine ilikuwa magugu tu."

"Mwaka jana goti lilikuwa linaniuma. Mwaka huu nalima yote."

"Na usipolima?"

"Mvua ikikuta kama sijamaliza, ita saveya wako akate ploti. Sitakusumbua tena."

"Hiyo ni promise?"

"Ni promise!"

Ndipo nikasikia jogoo wa jirani akiwika, nikajua kuna kitu hakiko sawa. Sikupaswa kumsikia jogoo. Ndugu yangu aliitazama trekta. Naye ni mtoto wa mama, sheria anaijua.

"Umezima," akasema polepole. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Hasira hasara. Niliwapigia simu wenye matrekta wote ninaowajua, angalau waje kuivuta yangu mpaka juu. Msimu ulikuwa umewashika. Kila mmoja aliniambia baada ya mvua. Nilikaa juu ya jiwe, nikalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa kujichukia. Kisha nikampigia rafiki yangu.

Huyu tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Siku hizi anaishi mtaa wa Landless, anauza sukuma na viazi, na analima kipande cha kukodi kando ya mto. Yeye na kina mama wenzake watano wana ngwatio: leo wote wanalimia huyu, kesho yule, mpaka mashamba yote yaishe. Na mimi nilikuwa mmoja wao zamani. Mama alipofariki na trekta ikabaki mikononi mwangu, nilijitoa. Niliwaambia nina mashine. Nilisema hivyo mbele yao, kikombe cha chai yao mkononi.

Alifika kesho yake baada ya kanisa, akashuka bondeni, akaizunguka trekta mara moja.

"Haiya! Kwani nani alikuambia uzime hapa?"

"Ni mimi."

"Si ulisema uko na mashine?" Akalipiga gurudumu teke. "Sasa mashine imelala, wewe ndio umeamka."

Nilistahili.

"Ukitaka tuje, tutakuja," akasema. "Lakini utarudisha. Kwangu, na kwa kila mmoja. Na goti lako lisiniletee hadithi."

"Nitarudisha."

"Basi pika githeri ya watu saba."

Walikuja Jumatatu kukiwa bado na umande, kila mtu na jembe lake. Hakuna aliyenikumbusha kile kikombe cha chai, nami nilijua hakuna aliyesahau. Tulijipanga mstari mmoja, tukaanzia juu tukiteremka. Siku ya pili viganja vyangu vilitoka malengelenge. Siku ya tatu goti lilivimba, nikalifunga leso nikaendelea, maana rafiki yangu alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. Mbwa alichanganyikiwa. Alizoea kufuata mtaro mmoja, sasa kulikuwa na mitaro saba. Akawa anakimbia huku na huku mpaka akachoka, akaenda kulala chini ya trekta. Jioni ya siku ya tano kumbikumbi walitoka, dalili ya mvua. Majembe yaliongeza kasi.

Ndugu yangu alirudi Jumamosi na mwamvuli. Saveya alikuwa amebaki ndani ya gari kule barabarani. Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka, na kina mama walikuwa wanaosha majembe. Aliangalia shamba kutoka juu hadi chini, jeusi lote, kisha macho yake yakafika bondeni. Kuzunguka trekta palikuwa bado na majani, kipande cha ukubwa wa kitanda.

"Pale bado," akasema.

Hasira zangu zilinijia tena, zote kwa pamoja. Mvua ilikuwa imefika, na mimi nilikuwa nimeahidi. Nilichukua jembe la mama, lile lenye mpini mfupi, nikamsukumia kifuani.

"Basi maliza."

Alilishika. Akaligeuza mkononi, akapapasa pale mpini ulipolika kwa kidole gumba cha mama. Kisha akafunga mwamvuli, akavua viatu, akakunja suruali, akashuka. Alilima vibaya, akikata udongo juu juu tu, kina mama wakimcheka waziwazi. Alizunguka gurudumu moja, akazunguka la pili. Mbwa aliamka, akanyoosha mgongo, akaingia nyuma yake kwenye mtaro.

Alipomaliza shati lilikuwa limemganda mwilini. Aliinua kichwa akanitazama.

"Mbegu iko wapi?" akauliza.