Sheria imemwachia Vonda, kiti cha mtoto hakijamwachia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye nyasi za bonde la Harlow Fork, mashariki mwa Kentucky, na Vonda Stidham bado hajafunga mnyororo. Bredauni lake la kuvutia magari linanguruma mbele ya nyumba ya mbao. Gari alilotumwa na benki kulichukua, kwa mkopo usiolipwa, liko pale pale uani, na wenyewe wamelala. Mvutaji mwingine angelinyanyua na kutokomea zamani.

Vonda anafungua mlango wa nyuma wa gari lile kwa ufunguo aliopewa na benki. Anatoa kiti cha mtoto. Anatoa viatu vya mvua, mwavuli, na mfuko wa chakula cha mbwa. Anavipanga barazani taratibu, anagonga mlango wa nyumba kwa nguvu, kisha anarudi kwenye bredauni na kujifungia.

"Hapo sasa," anasema. "Akitoka na hasira, iwe ni hasira ya gari tu."

Kwa kila gari analipwa dola sitini, na mtindo huu wake unamkosesha gari moja au mawili kila wiki. Bosi wake, Burl Hensley, ameshachoka kupiga kelele.

"Mimi nilimwajiri avute magari, yeye anahamisha watu vyombo!" analalamika Burl.

"Nifukuze basi," Vonda anamjibu bila kumtazama.

"Nikufukuze, halafu nani aende huko mabondeni? Mimi mbwa nawaogopa, mama wee."

Vonda ana miaka hamsini na minne. Chini ya shati lake la flana, kiunoni, amechomeka bastola, na kibali anacho. Wapo wanaodhani aliiacha baada ya yaliyotokea. Hakuiacha. Barabara ni zile zile, anasema, na watu ni wale wale.

Yaliyotokea ni haya. Miaka mitano iliyopita, jioni moja ya Novemba, alikwenda kuchukua gari la Tolby Slone, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa amepunguzwa kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Gari lilikuwa limeshanyanyuliwa. Vonda yuko ndani ya bredauni, kioo juu, injini inaunguruma. Tolby akatoka mbio, mkononi ana nondo, anapiga kelele.

Nondo ilipasua kioo. Mara ya pili ikaingia ndani na kugonga usukani, sentimita chache tu kutoka usoni pa Vonda. Akafyatua risasi moja.

"Nilisikia 'toa'," anasema. "Mtu ana nondo, anavunja kioo, anasema toa. Nikajua anataka kunitoa roho. Wewe ungesikia nini?"

Tolby aliiachia nondo. Akageuka, akaanza kurudi nyumbani kwake, mkono umeshika kifua. Bastola ilikuwa bado imeelekea mgongoni kwake, na kidole cha Vonda bado kiko kwenye triga.

"Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu wa darasa la bastola wasimame wapaangalie vizuri. Alipogeuka, sheria nayo iligeuka. Kufumba na kufumbua tu kabla ya hapo ilikuwa upande wangu. Ningempiga tena, ningekuwa muuaji, basi, hakuna jina lingine."

Hakupiga tena. Tolby alianguka kwenye ngazi za nyumba yao. Vonda ndiye aliyepiga simu, ndiye aliyekandamiza jeraha kwa koti lake mwenyewe. Kijana alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Jopo la raia lililokaa kuamua kama ashtakiwe halikuchukua muda. Kwa sheria ya Kentucky, gari ulilomo ni kama nyumba yako. Anayelivunja kwa nguvu ili akufikie, sheria inachukulia kwamba hofu yako ilikuwa na msingi. Vonda akaambiwa aende zake.

Lakini yeye alikuwa ameshaona kitu. Kesho yake baada ya mkasa, kwenye yadi ya Burl, alichungulia kiti cha nyuma cha gari la Tolby. Palikuwa na kiti cha mtoto, cha buluu, kimejaa makombo ya biskuti. Ndipo akili ilipomfunguka. Hakusema "toa" yule. Alisema "mtoto."

"Sheria haikuniuliza kama nilisikia sawasawa," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Iliniuliza kama mtu mwenye akili zake, aliyekaa pale nilipokaa, angeogopa. Jibu ni ndiyo. Mpaka leo ni ndiyo. Naumia hivyo hivyo."

Alikipeleka kiti kwa kina Slone. Hakuna aliyemfungulia. Akakiacha barazani, akaondoka.

Tangu mwaka uliofuata, kila Jumamosi anafundisha wanaotaka kibali cha kubeba bastola chini ya nguo. Darasa liko kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, na mchana wanakula maharage na mkate wa mahindi. Utani haukosekani.

"Bi Vonda," anaanza mzee Garvis Combs, "marehemu baba alituusia, ukimpiga mwizi akaangukia nje, mburute ndani ya mlango kwanza, ndipo uite polisi."

"Mzee Garvis, damu ina mdomo. Ukimburuta itakusema yote, halafu haya maharage nikuletee jela."

Ukumbi unaangua kicheko. Kijana mmoja anadakia kwamba yeye atawaambia polisi "nilihofia maisha yangu," na yatakwisha. Hapo Vonda hacheki.

"Hiyo si hirizi, mwanangu. Watauliza ulihofia nini, na kama hatari ilikuwa ya sasa hivi, si ya jana wala ya kesho. Mtu akikutukana, ni tusi tu. Akiiba gari uani na wewe uko jikoni, mwache aende. Akikimbia, mwache akimbie."

Jumamosi moja mwezi Aprili, mlango wa ukumbi ulifunguka na watu wote wakageuka. Aliyeingia ni Retha Slone, dada yake Tolby, ambaye sasa ndiye anayemlea mtoto wa marehemu. Mume aliyeachana naye amekwisha kumvunjia mlango mara mbili, na amri ya mahakama ya kumkataza asimsogelee ameifanya karatasi ya kufungia maandazi. Darasa lingine karibu hakuna.

"Sijakusamehe, Bi Vonda," Retha alisema akiwa bado amesimama. "Nimekuja kusoma."

"Haya. Kaa mbele."

Walipofika kwenye sheria, Retha alinyoosha mkono. "Mtu anakuja na kitu mkononi, anapiga kelele, anavunja. Sijui anataka nini. Naruhusiwa?"

Vonda alishika ukingo wa meza. "Kama anavunja aingie ulipo, na una sababu ya kuamini atakuua, unaruhusiwa."

"Hata kama alichotaka ni kitu kingine?"

"Hata kama. Sheria inakuruhusu, Retha. Haikulazimishi."

Mchana ule maharage yalipoa. Retha alimfuata Vonda nje, kwenye maegesho.

"Mama huniuliza kila Novemba, alisema nini mwisho?"

"Alisema 'mtoto.' Alitaka kiti cha mtoto. Mimi sikusikia. Nilijua kesho yake."

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema Retha. "Nilimwambia, kimbia, wanaondoka na kiti cha mtoto."

Hawakukumbatiana. Vonda alifuta uso kwa mkono wa shati.

Hivi sasa Retha amebakiza somo la shabaha. Vonda anasema atamfundisha vizuri, na anaomba Mungu somo lile lisitumike kamwe. Kwa Burl amekopa mashine ya kutobolea, na amenunua mlango wa chuma na makomeo mawili. Jumapili hii, watu wakitoka kanisani, anakwenda kuufunga mwenyewe nyumbani kwa Retha.

"Njoo," Retha alimwambia. "Lakini ugonge kwa nguvu, Bi Vonda, na utaje jina lako. Nisije nikasikia vibaya."