Trebo Imefika Tisa

Wiki ile nzima Nyuzi alikula bila hamu na kulala kwa mang'amung'amu. Jumamosi iliyopita msimamizi wa ukumbi, mama wa maneno machache, alikuwa amemwambia mbele ya bendi nzima: "Gitaa lako linatoboa masikio. Watu wa meza za mbele wanahama. Jumamosi ijayo likitoboa tena, bendi itafute mpiga gitaa mwingine, au itafute ukumbi mwingine." Wenzake wakainamisha vichwa na kutazama viatu vyao. Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Maana jina lake lilitokana na gitaa hilohilo. Mchana alikuwa fundi wa mageti, anakata na kusaga vyuma kwenye karakana ya mabati, cheche zikimrukia. Jioni za Jumamosi alikuwa Nyuzi, na watu walikuja kumsikiliza yeye na amplifaya yake ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kwa mwanga wa rangi ya chungwa. Ilikuwa mashine ya kizamani, nzito, ya kubebwa na wanaume wawili wanaotukanana njiani.

Mashine ile ilikuwa na tabia zake. Ukiipigisha kwa sauti ya chini, ilitoa mlio safi, mkavu, usio na roho. Lazima kitufe cha sauti kipite sita. Hapo valvu zinaanza kuzidiwa, mlio unachanika, unakuja mkwaruzo mzito na mtamu unaong'ang'ania noti na kukataa kuiachia. Kisha Nyuzi aliituliza kwa kitufe kidogo cha kwenye gitaa lenyewe: akikishusha, mlio unatakata, akikipandisha, unalia. Siri ilikuwa hiyo tu. Vijana walionunua vikanyagio vya kubadili mlio, vya kila rangi, walikuja kuchungulia miguuni pake wakaona viatu vikuukuu, basi.

Lakini mwaka wa pili sasa mkwaruzo ule ulikuwa umemfifia. Aliusikia kama umefunikwa blanketi. Akafanya ambalo mpiga gitaa yeyote angefanya: akaongeza trebo, kile kitufe cha kunoa sauti nyembamba za juu. Kutoka nne akaipeleka tano, na baada ya miezi sita akaifikisha saba. Ile Jumamosi ya malalamiko ilikuwa tisa, na bado yeye aliona haijachangamka.

Na nyumbani kulikuwa na mambo. "Umetia pamba masikioni?" mkewe alimwuliza kila asubuhi, birika likipiga filimbi jikoni na mumewe amekaa kando yake anasoma gazeti. Nyuzi akasema birika ni bovu. Akanunua jipya. Na lenyewe likawa bovu. Ukaidi wa mtu mzima mwenye hofu hauna dawa, na yeye hofu ilikuwa imemjaa tele: mpiga gitaa asiyesikia gitaa ni nani?

Jumatano akaipeleka amplifaya kwa fundi redio, akiomba kimoyomoyo ikutwe na ugonjwa wowote ule. Fundi akaifungua, akapima valvu moja moja, akagonga spika kwa ukucha.

"Haina shida," akasema. "Nzima kabisa."

Nyuzi akamrudishia bisibisi mkononi. "Hebu angalia tena."

"Nimeangalia, mzee wangu. Kwani ukipiga unasimama wapi?"

"Hapohapo mbele yake. Hatua moja."

"Na yenyewe iko sakafuni?"

"Sasa ikae wapi?"

Fundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Basi sauti inakupita magotini! Magoti yana masikio? Wewe huku juu unapata makombo, unaongeza trebo ikufikie, kumbe kule mbele inawachoma watu usoni. Ipandishe juu ya meza, ikuangalie sikioni, halafu uipange upya."

Nyuzi nusura ambusu. Magoti! Miaka miwili anajitesa kwa ajili ya magoti! Alirudi nyumbani akipiga mluzi, na usiku ule akalala fofofo.

Jumamosi alasiri, ukumbi ukiwa mtupu na viti vimepangwa, yeye na wenzake waliiinua ile mashine wakaiweka juu ya meza. Nyuzi akavuta kiti, akakaa spika ikimtazama sikioni. Sauti, saba. Trebo akairudisha nne, kama zamani. Akavuta pumzi, akapiga.

Blanketi.

Akapandisha trebo mpaka tano. Akapandisha sita. Saba. Kwenye nane blanketi likawa jepesi kidogo, akainua macho. Mdogo wake wa kike, mwimbaji wa bendi, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi ameziba masikio kwa viganja. Mpiga ngoma alikuwa ametoka nje. Mlangoni amesimama msimamizi, mikono kifuani.

Nyuzi akaziacha nyuzi. Shida haikuwa magoti.

Mdogo wake akapanda jukwaani, akainama kwenye mashine. "Kaka, trebo iko nane."

"Najua."

"Wewe unaisikiaje?"

Angeweza kudanganya, uongo wa valvu na waya alikuwa nao tayari. Lakini alikuwa amechoka kuogopa peke yake. "Siisikii," akasema. "Si leo tu. Mwaka wa pili huu. Usiwaambie wenzetu."

Mdogo wake akamshika bega. Kisha akasema kwa sauti ya juu, karibu na sikio: "Geukia kule. Usitazame vitufe. Piga ule wimbo wetu wa kufungulia, mimi nitapanga."

Nyuzi akageukia ukuta, akapiga. Nyuma yake trebo ilikuwa inashuka, alijua, kwa sababu gitaa lilizidi kumkimbia. Likawa zito, likazama, hata akabakiwa na mtikisiko kifuani na waya chini ya vidole. Alitaka kulia. Akaendelea kupiga, kwa kuwa vidole vilijua njia.

Alipogeuka, mdogo wake alikuwa akitokwa na machozi huku akicheka. "Ndiyo hii! Ndiyo ile yako ya siku zile!"

Mpiga ngoma alirudi mbio kutoka nje. "Umeifanya nini? Mbona tamu hivi?" Msimamizi naye akashusha mikono, akasema, "Saa moja muwe tayari," akaenda zake kupanga glasi.

Nyuzi akapiga noti moja ndefu, akaiacha ining'inie. Aliambulia ukungu tu. Utamu wote ulikuwa umewaendea wengine.

"Niambie ikoje," akamwambia mdogo wake.

"Nikwambieje?"

"Eleza tu."

Akamsogelea sikio la kulia, lile lenye nafuu. "Inaanza kwa kukwaruza," akasema. "Sasa inafunguka. Sasa inalia, kaka, inalia polepole. Usiiachie." Na Nyuzi hakuiachia. Alifumba macho akapiga wimbo mpaka mwisho, akimsikiliza yeye.