Kompyuta Niliyoifundisha Kusoma Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kilosa mjini, nilisema uongo kabla hata chai ya saa nne haijafika. Mkuu wa Maabara alinipa slaidi, kile kipande cha kioo chenye tone la damu, akaniambia nitafute vimelea vya malaria. Nikachungulia kwenye hadubini, nikajibu, "Hakuna, mzee."

"Umesoma fildi ngapi?"

Fildi ni lile duara la mwanga unaloliona ukichungulia. Sheria ilikuwa usome mia moja kabla ya kuthubutu kusema hakuna.

"Mia."

"Mia kwa dakika mbili! Binti, hiyo ni hadubini, si pikipiki. Kaa chini."

Nikakaa. Kwenye fildi ya sitini na kitu nikakiona: kijiduara cha bluu chenye kidoa chekundu, kimetulia zake. Nilipiga kelele hadi wagonjwa wakachungulia dirishani. Kuanzia hapo kazi ikanikolea.

Kutoka Kilosa nilihamishiwa Ruhembe, kwa wakata miwa. Huko ndiko nilikojifunza kuchuja rangi kila asubuhi. Rangi tunayopaka damu ili vimelea vionekane, usipoichuja, huacha chenga, yaani vipunje vya rangi iliyoganda, na chenga hufanana na vimelea kama pacha. Wangapi wamemezeshwa dawa kwa sababu ya chenga, Mungu ndiye ajuaye. Slaidi zilizonisumbua nilizihifadhi kwenye visanduku vya mbao, wenzangu wakanicheka kwamba natunza damu za watu kama mchawi. Wacheke tu!

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mikumi. Siku moja Mganga Mfawidhi, mkuu wetu pale, aliniletea mtafiti anayeitwa Neema, ana kamera ya kufunga juu ya hadubini na kompyuta yake.

"Shikamoo bibi. Hii ni akili mnemba. Ukiionyesha mifano mingi, inajifunza kutambua vimelea yenyewe. Itakusaidia."

"Marahaba. Itanisaidia au itanistaafisha?"

Alicheka, nami nikacheka, ila moyoni nilikuwa nauliza kweli.

Kumbe alichokitaka ni visanduku vyangu. Miezi mitatu tulikaa naye, nikiwekea alama picha moja moja: hiki kimelea, hii chenga, hiki kimelea. Mwanzoni kompyuta ilikuwa mbumbumbu, kila chenga inaiita malaria. Niliikaripia kwa sauti. "We kiziwi, jana nilikwambia nini?" Neema akawa anacheka huku anaingiza masahihisho. Taratibu ikashika, na mimi nikaanza kuipenda, sifichi.

Ndipo akaja Nasieku, mke wa mfugaji, ana mimba ya miezi saba na homa inayokuja na kuondoka. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwa homa ya namna hiyo. Alikaa kwenye benchi ameshika tumbo kwa mikono miwili. Vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha wiki ile, kwa hiyo jibu lilikuwa langu. Nikasoma fildi mia, za kweli safari hii, nikaandika: hakuna.

Neema akaipitisha slaidi kwenye kompyuta. Ikachora viduara viwili vyekundu, alama yake ya vimelea.

"Chenga hizo," nikasema.

"Lakini bibi, rangi si umeichuja mwenyewe asubuhi?"

Nilinuna. Mtu wa umri wangu kusahihishwa na kitu nilichokifundisha! Lakini nikatoka nje, nikamwinamia yule mama.

"Mwanangu, kuna dawa yoyote umemeza?"

"Vidonge vya mume wangu vilivyobaki. Viwili."

Hapo nikaelewa. Kwetu dawa haitupwi. Mtu akipata nafuu siku ya pili anafunga zilizobaki kwenye kitambaa, anamwekea atakayeugua baadaye. Nusu dozi hupunguza vimelea bila kuvimaliza, na vinakuwa vichache hata vikapita machoni. Nikarudi kwenye kiti, nikasoma fildi mia tatu. Vimelea vinne!

"Imeviona! Imeviona kweli!" Nikapiga vigelegele mle mle maabara. Aibu niliiona, lakini furaha iliizidi. Jibu langu la kwanza nikalikata kwa mstari mmoja, nikatia sahihi kila mtu aone nilikosea, na Mganga Mfawidhi akamwanzishia dozi kamili saa ile ile.

Vijana mnaoingia kazini mnaniuliza kama mashine zitawanyang'anya viti. Mimi nimestaafu, sina cha kugombea. Ninachojua ni kwamba bila kompyuta ile ningemrudisha Nasieku nyumbani na lile jibu langu la "hakuna".

Alikuja kwenye sherehe ya kuniaga pale maabara, ana mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama. Wananiambia ni mashine ndiyo iliyoona."

"Marahaba. Ni kweli, mwanangu. Ile pale."

Aliitazama kompyuta, akanigeukia.

"Ilitoka nje kuniuliza nimemeza nini?"

"Haikutoka."

"Basi mshike wewe," akasema, akamfungua mtoto na kuniwekea mikononi. Alikuwa mzito, amelala fofofo. Hotuba yangu ya kuaga sikuisoma tena.