Nimemrudisha mamangu kutoka pampu bila maji

Admin, nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja, niko Makueni. Kijiji sitataja, wenyewe watajijua.

Kwetu kuna pampu moja tu, kwenye bwawa la mchanga, na ina kufuli. Maji mengine ni saa mbili kwa miguu. Ufunguo hupewa mama anayenyonyesha. Wazee walisema huyo haendi mbali, na ana huruma. Ukiwa nao unachota wa kwanza, na mwethya, ile kazi ya kijiji ya kuchimba matuta, huendi. Siku ukimwachisha mtoto, unarudisha. Wangu ana miaka mitatu na bado ananyonya. Sasa mnajua kwa nini.

Lakini msinionee wivu. Mwenye kukosa mwethya mara tatu anafungiwa maji mwezi mzima, na mimi ndiye wa kumrudisha na mtungi mtupu. Nimerudisha mwenye mimba. Nimerudisha rafiki niliyesoma naye, hadi leo hanisalimii. Kwa laini wananiita Madam Maji. "Madam, leo umeoga mara ngapi?" Wanacheka, nami nacheka, nikifika nyumbani nalia.

Jumatatu mwenyekiti wa pampu alinipa majina mapya ya kufungiwa. La pili ni la mamangu, Mwaitu kwa Kikamba chetu. Magoti yamemwisha, jembe atalishikaje?

"Mzee, huyu ni Mwaitu, ndiye alinizaa."

"Najua. Ndiyo maana watu wanakuangalia."

Jana alikuja na kamtungi ka lita kumi, akapanga laini kama wengine. Alipofika mbele, watu wote wakanyoosha shingo. Nikamnong'oneza, "Mwaitu, rudi tu, nitakuletea yangu jioni."

Akasema kwa sauti, "Uniletee kwa kujificha? Mimi nilikunyonyesha mbele ya watu."

Sikumpa. Jioni nikampelekea lita tano. Akazimwaga mlangoni, nikiona, na kiangazi hiki.

Nikimfungulia, sheria inasema mwenye ufunguo aliyependelea anafungiwa mwaka mzima, yeye na mtoto wake. Nikimwachisha mtoto, ufunguo unaenda kwa mkaza mwana wa mwenyekiti, na Mwaitu atafukuzwa na mgeni badala yangu. Hiyo tu ndiyo tofauti.

Msiniambie niombe, nimeomba. Kesho asubuhi atakuja tena, namjua. Nyinyi wenye mama, mngefungua? Nijibuni kabla sijashuka kwa pampu.