Kostiki Niliyoitangaza Mapema

Nilikuwa kidato cha tatu Tabora, miaka ile ya elimu ya kujitegemea. Asubuhi tulilima mihogo ya shule, mchana tukaingia maabara kucha zikiwa bado na udongo. Siku hiyo mwalimu wa kemia alitugawia unga mweupe, bikaboneti ya sodiamu, gramu nane nukta nne kwa kila wasichana wawili. Tuupashe moto, kisha tumwambie kilichobaki ni nini.

"Sitaki mnachodhani," alisema. "Mizani ndiyo itasema."

Hesabu tulizifanya kwanza ubaoni. Zikibaki gramu nne, ni kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni. Tatu nukta moja, ni oksidi. Tano nukta tatu, ni kaboneti. Mimi nikatangaza kostiki kabla hata moto haujawaka. Baba alikuwa fundi sabuni pale Cheyo, na nilijiona nimezaliwa nikiijua kostiki.

Mwenzangu, binti wa mrina asali kutoka Sikonge, alikuwa akipepea jiko la mkaa, maana spiriti ya taa iliadimika.

Tulipopima, tukapata tano nukta tisa. Haikulingana na chochote.

"Tuandike nne," nikamnong'oneza.

"Na hizo karibu mbili nyingine? Umezila?"

Akaandika tulichokiona. Mwalimu akasoma, akavua miwani.

"Hongereni, mmegundua kitu kipya duniani. Mtakiitaje?"

Darasa zima likacheka. Aliposikia tumepasha mara moja tu, akasema sehemu ya unga ilikuwa bado haijabadilika.

"Rudisheni motoni mpaka uzito ukatae kushuka."

Tukapata tano nukta nne, kisha tano nukta tatu, kisha tano nukta tatu tena. Nikaandika "kaboneti" kwa herufi ndogo kabisa. Mwenzangu akaniomba niisome kwa sauti.

Jumamosi nilimkuta mama jikoni, nikamsimulia kwa majivuno.

"Hiyo kaboneti ni kitu gani?"

"Ndiyo magadi, mama."

Akaweka mwiko chini. "Miaka mitatu shuleni, mwanangu, umejifunza kupika magadi? Sokoni si yamejaa!" Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, safari hii bila mzaha, "Mlijuaje? Mlionja?"

"Tulipima."

"Kupima tu? Hebu kaa hapa unieleze."

Nikachota maharage mabichi nikayapanga sakafuni, punje moja moja, kumi kwa kila gramu ya unga. Alinihoji kuliko mwalimu, na siku hiyo tulichelewa kula.